Kaka wa Kitanda cha Sita

Siku ya kwanza alipoingia wodini kwangu nilitaka kumfukuza. Tulikuwa wauguzi wawili tu, tunamgeuza dereva wa lori aliyepooza upande mzima, mtu wa miraba minne, jasho linatutoka mpaka kwenye visigino. Nikageuka, nikaona mlangoni amesimama mwanamume wa makamo, mkononi ubao wa kuandikia, shingoni ananing'iniza saa ya kubonyeza kama zile za marefa wa mpira. Nikamwambia, kaka, tusaidie basi, shika mguu huo. Akanitazama kwa huruma kabisa, akatikisa kichwa, kisha akabonyeza saa yake. Kumbe alikuwa anapima tunatumia muda gani kumgeuza mgonjwa, na kama angeshika mguu kipimo kingeharibika.

Nilimpasha, na mimi nikipasha mtu hurudia njia aliyokuja nayo. Huyu hakurudi. Alisubiri nimalize, akauliza jozi ngapi za glovu tumetumia. Kabla ya chai ya asubuhi wodi nzima ilikuwa inamwita Refa, naye akaitika bila kinyongo. Nadhani alifurahi kupewa jina. Huko uhasibu, chini kabisa ya jengo, ambako alikuwa karani tangu ujana wake, walikuwa wanamwita "wewe".

Kilichomleta kilikuwa ugomvi wa wakubwa. Hospitali yetu ni ya umma, na kwa kila mgonjwa wa kiharusi Mfuko wa Afya hutulipa kiasi kilekile, awe amelala siku chache akaondoka anatembea, au awe amelala mpaka godoro limechukua umbo lake. Hospitali ililalamika kwamba hela hiyo haitoshi. Mfuko ukajibu kwamba inatosha sana, kwa sababu kulisha, kuosha na kugeuza ni kazi zinazofanywa na ndugu wa mgonjwa, na kazi ya ndugu haina bei. Daktari bingwa wetu akaandika kwamba si kila mtu ana ndugu. Mfuko ukasema haya, tuonyesheni mmoja. Mtuonyeshe mgonjwa asiye na mtu, na anagharimu nini, kila glovu na kila dakika ya muuguzi, nasi tutaweka malipo mengine kwa watu wa namna hiyo. Barua ikateremka kutoka meza hadi meza, kila mmoja akiisukuma kwa mwenzake, ikaishia kwa Refa kwa sababu yeye hakujua kukataa kazi.

Basi akapewa kigoda, akakiweka karibu na sinki, akawa anapima kila mkono uliomgusa mgonjwa: wa nani, kwa muda gani, ukiwa na nini. Pamba, shuka, pampasi, mpira wa mkojo, vyote aliviandika. Muuguzi akisimama katikati ya kazi kujibu simu ya nyumbani, Refa alisimamisha saa, akageuka kuangalia ukuta, na muuguzi akirudi aliiendesha tena. Hakumchongea mtu. Wiki ya kwanza tulifanya kazi kama tunaopigwa picha, migongo imenyooka. Wiki ya pili tukamsahau, tukarudi kutukana vitanda visivyoinuka.

Ila ile sheria yake ya kutogusa ilinikera mpaka mwisho. Mgonjwa akimwomba maji, Refa alisimama, akatembea wodi nzima kuja kuniita mimi, na jagi liko pale pale karibu na kiwiko chake. "Nikimpa kikombe nimeiba dakika yako, Sista," alinieleza, "na hesabu itasema kazi ni ndogo kuliko ilivyo." Mwanzoni niliona ni roho mbaya iliyovaa miwani. Baadaye nikaelewa kwamba yule bwana aliamini jambo moja la ajabu: kwamba hesabu ikiwa sahihi, mtu fulani kule juu ataisoma na kutenda haki. Nimewaona wa aina hiyo, na wengi wao huishia na vidonda vya tumbo.

Mambo ya kwake alinisimulia kidogo kidogo, wakati wa chai, akizungusha kikombe bila kunywa. Alikuwa anaishi ghorofa ya tatu, chumba kimoja na jiko la kusimama mtu mmoja. Mkewe alikwenda mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, kumsaidia binti yao aliyejifungua pacha. Alikwenda kwa miezi mitatu. Wale pacha sasa walikuwa wanaanza shule, na bibi yao alikuwa hukohuko. Nikamwuliza, mligombana? Akasema hapana, akasema kama mtu anayeshtaki. "Tungegombana ningejua la kufanya. Ningekwenda kuomba msamaha."

Jumapili jioni walizungumza kwa simu. Mke aliuliza kama amekula, yeye alisema amekula, kisha wajukuu walipewa simu, wakahema ndani yake, wakakimbia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya wiki. Alikuwa hajajifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Sufuria ilikuwa ileile ya watu wanne, na kila jioni alimwaga. Jirani yake wa ukuta wa pili alimjua kwa kikohozi tu. Nilimwonea huruma, nikamwambia siku moja aje kwangu ale na watoto wangu. Alisema wiki ijayo, na wiki ijayo alisema wiki ijayo.

Wakati huo alikuwa anamsubiri mgonjwa wake, yule asiye na mtu, na mgonjwa huyo hakutokea. Kila aliyeletwa alifuatwa na kundi. Mke, shemeji, mtoto wa mjomba, wote wamejazana mlangoni na mabakuli. Hata yule mlevi ambaye ukoo mzima ulikuwa umeshamkana, kabla ya jua kuzama alikuwa amepata binamu, amenuna kweli, lakini amebeba supu. Refa aliwapima hao ndugu pia. Akaniambia kwa mshangao kwamba wanafanya kazi kuliko sisi, na sikubishana naye kwa sababu ni kweli. Siku moja aliteleza ulimi, akasema yeye labda ndiye mtu pekee hapa hospitalini anayeomba aletwe mtu mpweke. Akasikia alichosema, akainamia ubao wake.

Ndipo akaletwa Bi Chapa. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kuwa alikuwa amestaafu kazi ya kupiga chapa mahakamani, na vidole vya mkono wake mzima, wa kushoto, havikutulia juu ya blanketi. Mwenye nyumba wake ndiye aliyemleta. Aliweka mkoba wa mama wa watu pale kaunta, akasema anakwenda kuegesha gari vizuri, na mpaka leo anaegesha. Upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Maneno yote yalikuwa yamefutika, limebaki moja: haya. Ukimsalimu, haya. Ukimchoma sindano, haya. Lakini alielewa kila kitu. Ulikuwa ukimwona machoni jinsi anavyofuata mazungumzo, na ukikosea kusema jambo alikunja uso kama anayeona kosa kwenye karatasi iliyokwisha kuchapwa.

Afisa ustawi wa jamii alipiga namba zote zilizokuwa kwenye simu ya Bi Chapa. Kaka alikuwa ameshafariki, mpwa mmoja namba haipatikani, nyingine zilikuwa za fundi bomba na duka la dawa. Hakuwahi kuolewa, hakuwa na mtoto. Tukamweka kitanda cha sita, na Refa akahamisha kigoda chake kutoka kwenye sinki. Alikuwa amempata mtu wake, lakini sikuona furaha usoni mwake.

Kumlisha mtu wa kiharusi si mchezo. Unamkalisha wima, unamwinamisha kidevu, unampa kijiko kimoja cha uji mzito, unangoja mpaka uone koo limepanda na kushuka. Kisha unachungulia shavu upande uliolegea, maana chakula hujificha humo, na ukimwahi kijiko cha pili kabla ya wakati anapaliwa, uji unaingia mapafuni, na hapo unaanza ugonjwa mwingine. Bakuli moja linakula muda wa kuwaosha watu wawili. Wengine walilishwa na dada zao na wake zao. Bi Chapa alikuwa na sisi, na sisi tulikuwa na vitanda vinane. Nitasema ukweli: mara nyingi alikula nusu bakuli, tukasema ameshiba.

Mtaalamu wa mazoezi, binti mmoja mwenye sauti ya sokoni lakini anayeijua kazi yake, alikuwa anakuja kila asubuhi kumnyoosha na kumkunja. Akatuambia mguu unaanza kuamka. Akipata wiki nyingine tatu nne za mazoezi ya kila siku, na akila vizuri, atasimama. Akiondoka kabla ya hapo atalala kitandani maisha yake yote. Alisema hayo mbele ya mgonjwa, na Bi Chapa akasema haya, kwa nguvu, kama mtu anayekubali vita.

Mchana mmoja muuguzi mwenzangu hakuja kazini, na mgonjwa wa kitanda cha pili akashikwa na degedege. Nilikuwa nimemkumbatia nisimwache akaanguka. Kule cha sita uji ulikuwa juu ya kimeza, unapoa. Bi Chapa alingoja, kisha njaa ikamshinda, akanyoosha mkono wa kushoto kulivuta bakuli, likapinduka, uji wote ukamwagika kifuani. Akamtazama Refa aliyekuwa amekaa hatua moja tu kutoka kwake. "Haya," alisema polepole.

Nilimpigia Refa kelele kutoka kitanda cha pili, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akasimama. Nikadhani hatimaye amekuwa binadamu. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipo, akasema, Sista, uji umemwagika kitanda cha sita. Nilimpa kisogo.

Kesho yake, saa ya kutazama wagonjwa, aliingia mtu amevaa shati lililopigwa pasi, nywele zimechanwa kwa maji, mikono mitupu bila ubao. Nilichelewa kumtambua. Mfanyakazi yeyote wa hospitali hupita mlango anaotaka, lakini yeye alikuwa amezunguka nje na kupanga foleni getini pamoja na ndugu za wagonjwa. Kila kitanda kina kadi mbili za wageni. Za kitanda cha sita zilikuwa hazijatolewa tangu Bi Chapa aletwe. Mlinzi alimwuliza yeye ni nani wa mgonjwa, kaka yake? Refa akasema ndiyo. Mtu ambaye hakukubali kudanganya kwa kikombe cha maji.

Akaja kwangu, akaitoa ile saa mfukoni na kuniwekea kiganjani. Akasema zamu yake imekwisha, sasa yeye ni mgeni kama wageni wengine, na mkono wa mgeni lazima upimwe. Nilicheka mpaka nikakaa. Nilimwuliza kama kichwani ziko sawasawa, akasema nibonyeze akianza. Akanawa mikono, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, dada, habari za jioni. Bi Chapa akamwangalia kwa muda, kama anayeamua jambo. Haya, alisema, akafungua mdomo. Refa alimlisha bakuli zima. Alikuwa ametutazama siku zote hizo, na hakukosea hata kijiko kimoja. Nami kwenye karatasi, mahali pa ndugu, nikaandika: kaka.

Tangu jioni ile hakukosa. Alimlisha, akamfuta mdomo, kisha akakaa kumsimulia habari. Alimweleza mambo ya uhasibu, ya sufuria kubwa, ya wajukuu wanaohema kwenye simu. Bi Chapa alijibu haya za kila namna: haya ya kushangaa, haya ya kumkemea, na nyingine ndefu ya umbeya iliyokuwa inatuvunja mbavu mpaka sisi tulio mbali. Kola ya Refa ikikaa vibaya, aliinyoosha kwa ule mkono wake mzima. Nilimsikia Refa akicheka. Hakuwa na mazoea ya kucheka, kwa hiyo kicheko chake kilitoka kama mtu aliyepaliwa, na mwanzoni niligeuka nikidhani ni mgonjwa.

Tulimtania, bila shaka. Refa ameingia uwanjani kucheza, tulisema. Yeye alitahayari, akaendelea. Sijui yalikuwa mapenzi ya namna gani na sijali kujua. Mtu alikuwa amepata mahali pa kwenda jioni, na pale alipokwenda kulikuwa na mwenzake aliyeanza kutazama mlango mapema. Siku moja akaja na kikombe chenye mishikio miwili alichonunua dukani. Siku nyingine akaniuliza vitanda vyenye vyuma vya pembeni vinauzwa wapi, na kiti cha magurudumu kinahitaji nafasi gani kugeuka. Alikuwa ameshasogeza meza chumbani kwake kujaribu. Naangalia tu, Sista, alisema, nami nikamwambia endelea kuangalia.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa naandika, na jioni baada ya jioni mkono wangu uliandika kaka, kaka, kaka. Nilimvuta pembeni. Nilimwambia, Refa, huyu ndiye mtu wetu pekee wa kuwaonyesha Mfuko, na sasa makaratasi yake yamejaa ndugu. Akasema zile siku za mwanzo, kabla hajaanza kuja, zitatosha. Alisema hivyo akiangalia viatu vyake. Yeye ni mtu wa hesabu na alijua hazitoshi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anajidanganya, na sikuwa na moyo wa kumbana.

Mkaguzi wa Mfuko alikuja Jumatano. Alikuwa mama mpole, mwenye viatu vizuri, si mtu mbaya hata kidogo. Aliongozana na daktari bingwa na mhasibu mkuu, akapita kitanda hadi kitanda akilinganisha mgonjwa na makaratasi yake. Alipofika cha sita alifungua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, akauliza kama huyu ndiye tuliyesema hana mtu. Daktari bingwa akasema ndiye. Mkaguzi akasema mbona hapa anaona kaka, na anakuja kila jioni.

Mhasibu mkuu akaanza kupekua faili lake. Mkaguzi akatabasamu, akasema ni habari njema, hakuna haja ya kuficha habari njema. Kiasi ambacho Mfuko humlipia mgonjwa mwenye ndugu kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo mama aende nyumbani Ijumaa, kwa kaka yake, ambaye inaonekana ameshajua kulisha vizuri kuliko watu wengi. Mtaalamu wa mazoezi akasema mguu ndio kwanza unaanza. Mkaguzi akasema kwa upole kwamba kaka ataonyeshwa mazoezi. Akauliza kaka huyo anapatikana wapi.

Refa alikuwa amesimama palepale, ubao umekumbatiwa kifuani. Nilimtazama na niliyajua yote yaliyokuwa yanapita moyoni mwake, kwa sababu mimi pia nilikuwa nayapigia hesabu. Angesema ndiye yeye, akanyamaza hapo, Ijumaa angempandisha yule mama ghorofa ya tatu, na ile sufuria kubwa ingepata watu. Angerudi kutoka kazini akakuta mtu. Lakini kutwa nzima Bi Chapa angelala peke yake mle ndani bila mtu wa kumnyoosha, na mguu ungekufa. Na wengine watakaokuja nyuma yake, wasio na mtu kweli, wasingepata kitu, kwa sababu tuliombwa tuonyeshe mmoja na tungekuwa tumeshindwa.

Bi Chapa naye alikuwa anamtazama. Alikuwa amesikia neno nyumbani, amesikia neno kaka, na alikuwa anatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyokuwa hai.

"Huyo kaka ni mimi," Refa alisema. "Si ndugu yake."

Mkaguzi akamwuliza mgonjwa huyo amemfahamia wapi. Hapahapa, alisema Refa, wodini, kazini. Akaulizwa kwa nini basi aliandikwa kaka.

"Nilidanganya getini." Aliushusha ubao. "Mama huyu hana mtu. Hana kabisa. Naomba iandikwe hivyo."

Nilitaka kumziba mdomo, si kwa sababu alisema uongo. Mkaguzi alichukua kalamu, akaandika, akampa aweke sahihi kwamba hana uhusiano wowote na mgonjwa. Akaweka sahihi juu ya ubao wake, palepale ukingoni mwa kitanda. Tabasamu la Bi Chapa halikuondoka mara moja. Lilikaa kaa pale, kisha likaondoka, akageuza uso dirishani. Hakusema hata haya.

Zile jioni zote zikafutwa kwenye makaratasi, kipimo kikaanza upya. Refa alipewa barua ya onyo kwa kutoa habari za uongo getini, akakatazwa saa za wageni. Lakini kazi yenyewe hakuna mwingine aliyeiweza wala kuitaka, kwa hiyo alirudishwa kwenye kigoda. Wiki zilizofuata Bi Chapa nilimlisha mimi, mara nyingi nikichelewa kurudi kwa wanangu, na Refa akakirudisha kigoda karibu na sinki, akakaa akipima jinsi ninavyomlisha. Bi Chapa aliniangalia mimi au aliangalia dirisha. Ungedhani kigoda kile hakina mtu. Sijawahi kufanya kazi katika ukimya ule, na mimi ni mtu ninayeongea hata na ndoo.

Nilijaribu kumweleza. Nilikaa kitandani pake nikamwambia kila kitu: Mfuko umesema nini, mguu unahitaji nini, ngazi za ghorofa ya tatu, kile kikombe cha mishikio miwili. Nilimwambia yule bwana amejikata mwenyewe ili wewe usimame. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Haya," alisema, kwa ile sauti aliyokuwa akiwajibia wafagizi wakimwambia wanasogeza kitanda wapige deki chini yake. Simlaumu. Aliyasikia kwa masikio yake, mbele za watu, kwamba hana mtu kabisa, na aliyeyasema ndiye yule ambaye yeye alikuwa akimsubiri kila jioni.

Mguu uliamka. Siku alipotembea na fimbo kutoka kitandani mpaka mlangoni wodi nzima ilipiga makofi, na mtaalamu wa mazoezi alilia waziwazi. Refa alibonyeza saa yake, akaandika. Mfuko nao ulitimiza ahadi, lazima niseme hivyo: yakawekwa malipo mapya kwa mgonjwa wa kiharusi asiye na ndugu, na kwa hela hiyo sasa nina muuguzi wa ziada, asubuhi, mchana na jioni, kazi yake kulisha. Kwenye mkutano wa wafanyakazi alipongezwa mhasibu mkuu. Afisa ustawi alimpatia Bi Chapa nafasi katika nyumba ya wazee, mahali pasafi, na alipoondoka maneno yalikuwa yameanza kumrudia, machache machache, maji, asante, taa. Refa siku ile alikuwa uhasibu. Nilituma mtu amwite, akarudisha jibu kwamba ana kazi.

Jumapili alikwenda kule nyumba ya wazee. Alinihadithia Jumatatu, kwenye chai, akizungusha kikombe kama zamani. Getini kwao kuna daftari la wageni. Unaandika jina lako, unayekuja kumwona, na wewe ni nani wake. Alisimama na kalamu mpaka watu wa nyuma yake wakaanza kufyonya. Mwishowe akaandika: mfanyakazi wa hospitali. Binti wa getini akaenda ndani kumwambia mama kuna mtu wa hospitali amekuja kumwona. Akarudi na majibu kwamba mama anashukuru hospitali, amepona, na wasijisumbue kumtuma mtu tena.

"Alisema mwenyewe maneno yote hayo, Sista," Refa aliniambia, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa furaha ya kweli. "Nilimwuliza yule binti mara mbili. Sentensi nzima."

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nilimwambia, wewe bwana, si ungeandika ndugu tu? Kule nani anakujua, nani angekufunga? Akasema hawezi, ameshaweka sahihi kwamba si ndugu. Nikamwambia basi andika rafiki. Akafikiri kidogo, akasema rafiki ni jambo la watu wawili, na mmoja wao hajaulizwa.

Jumapili iliyofuata alikwenda tena, akaandika vilevile.